Karibu ya Jumla

Hodi hupigwa nje. Hata mwizi mwenye adabu analijua hilo. Lakini hodi aliyoisikia Msusi mchana ule, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejilaza, ilipigwa ndani, nyuma ya kiti chake, pale palipokuwa na ukuta tu na cherehani kuukuu ya mama yake iliyofunikwa shuka. Kabla hajageuza shingo, sauti ikaitikia: karibu. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na mdomo wake ulikuwa umefumba.

Hakushtuka. Laiti angeshtuka, mambo yangeishia pale.

Msusi hakuwa akisuka nywele. Alisuka tovuti, zile kurasa ambazo watu huzifungua kwenye simu zao kutazama vitu wasivyonunua. Alipohamia mtaani aliulizwa kazi yake akajibu, nasuka, na kesho yake wanawake wakamjia na vitana na mafuta. Aliwaeleza, wakamsikiliza kwa huruma, na jina likabaki. Alikaa na mumewe, fundi wa friji aliyeitwa Fundi Baridi, mtu wa mwili mkubwa na moyo wa kifaranga, pamoja na mama yake mzazi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, vya katikati vya kulala, na nyuma jiko.

Kazi hiyo ina siri ambayo mafundi wake hawapendi kuitangaza: hawatengenezi kila kitu kwa mikono yao, kama vile mshonaji asivyofuma kitambaa wala kuchonga vifungo. Huagiza. Ipo programu ya kutumwa, na ile ya Msusi, ambayo yeye na wenzake wa zamani waliipa jina la Kiswahili huku wakijipongeza kwa kupenda lugha yao, iliitwa Mpagazi. Unamwandikia Mpagazi, lete kitu fulani. Naye huenda kwenye ghala lililo mbali, lisilo na mlango wala mlinzi, ambamo mafundi wa dunia nzima huweka vifurushi vyao ili wengine wavitumie, akarudi nacho. Tatizo ni kwamba kifurushi hakiji peke yake. Huja na vile kinavyovitegemea, navyo huja na vyao. Unaagiza kifungo, unaletewa shati, na kabati la kulitundikia shati, na seremala wa kabati pamoja na shemeji zake. Na vikishaingia vimeshikana. Ukitaka kuondoa kimoja ambacho kingine kinakitegemea, Mpagazi hukataa. Huwezi kuchomoa tofali la chini ukatarajia ukuta ubaki.

Mpagazi alikuwa na adabu. Kwa kila kifurushi alibisha hodi akangoja Msusi abonyeze kitufe cha kumkaribisha. Hodi, kitufe. Hodi, kitufe. Msusi akachoka, kama anavyochoka mtu kumwitikia mtoto mwenye maswali, akaingia kwenye mipangilio akampa Mpagazi karibu ya jumla: ajijibu mwenyewe, kwa chochote, kwa yeyote, bila kuuliza. Na kwa kuwa alipenda kukaa na mama yake kazi ikiendelea, akamwekea na sauti. Hodi ikawa ya mashine, kavu kama karatasi. Karibu akairekodi mwenyewe, kwa ile sauti tamu ambayo wanawake huitoa mlangoni hata kwa mgeni wasiyemtaka. Kwa hiyo mchana ule aliona ni Mpagazi kaanza kazi. Kwamba hodi ilitoka nyuma ya mgongo wakati kompyuta iko mbele ya uso, hilo alilisikia kwa masikio na hakulipeleka kichwani.

Alikuwa na haraka. Mteja wake, muuza shela za maharusi, alitaka ukurasa ambao shela zitapepea kana kwamba zinapulizwa, na kipo kifurushi kidogo cha kazi hiyo, kinaitwa upepo. Msusi alikuwa ameandika, amebonyeza, na sasa akaenda kwa mama yake.

Huyo mama alikuwa mshonaji tangu usichana wake. Alishona nguo za watu, na vumbi la vitambaa nalo likamshona yeye kifua. Kila pumzi yake ilipiga filimbi, ikipanda na kushuka, na mwishoni kikohozi kifupi kama fundo la uzi. Hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mito mgongoni, na mkwewe alimtania kuwa mama amekata tiketi ya safari asiyoijua. Daktari alikuwa amesema la kwake: kifua hiki hakitapona, kitatunzwa tu. Msusi alimwelewa daktari vizuri sana, na kila filimbi aliyoisikia usiku na mchana ilikuwa ikimwambia jambo moja, kwamba iko siku haitasikika.

"Mbona leo mzigo ni mkubwa hivyo?" mama aliuliza.

Kwani kutoka chumba cha mbele sauti kavu ilikuwa ikisema, hodi, na ile tamu ikisema, karibu, na kavu tena, kimeingia. Hodi, karibu, kimeingia. Kifurushi kidogo cha upepo, na wageni wake hawaishi mlangoni. Msusi alisema ndivyo vilivyo, kila kimoja kina jamaa zake. Mama akajibu kwamba aliwahi kumkaribisha binamu mmoja wa mumewe kwa chakula cha mchana, akakaa naye mpaka alipozeeka.

Wakacheka. Mama akasinzia. Sauti za mbele zikakoma. Na Msusi, mkono mmoja juu ya shuka, akagundua kwamba chumba kiko kimya. Aliruka. Akamwekea mama sikio mdomoni. Pumzi ilikuwepo, ndefu, laini, safi kama ya mtoto. Filimbi hakuna.

Jioni ile mama alilala chali. Fundi Baridi alirudi, akasimama mlangoni pa chumba na kusema, mama, leo umetunyima muziki. Mama akamwambia, tafuta redio, baba.

Furaha ilikaa kwao siku chache, na furaha ikikaa mtu hapekui. Mama alitembea mpaka jikoni na kurudi. Alitunga uzi kwenye sindano, akafungua cherehani, akashona foronya. Shela kwenye skrini zilipepea vizuri ajabu, si kwa mpigo mmoja kama mashine zifanyavyo, bali zikijaa polepole, zikitulia, zikijaa tena. Msusi alizitazama mpaka kope zikamwia nzito. Zilikuwa zikipumua. Alilifikiria neno hilo akaliacha lipite.

Harufu ndiyo iliyoanza kumsumbua. Chumba cha mbele kilinukia kitambaa kibichi kilichounguzwa na pasi. Alikagua nyaya, akakagua soketi, akamwita mumewe ambaye alinusa kila kona na kusema hakuna kinachoungua. Harufu ilikuja saa za mchana, watu wakiwa wamejilaza, ikikaa karibu na cherehani, na haikutoka hata madirisha yakifunguliwa. Kisha mchana mmoja Msusi alizima kompyuta kabisa, akachomoa waya ukutani, akainuka. Chumba kikanyamaza. Na katika ukimya huo, kutoka pembeni, chini kidogo ya kimo cha mtu aliyeketi, ikaja filimbi. Ikapanda. Ikashuka. Mwishoni, kikohozi kifupi kama fundo la uzi.

Alikimbilia chumbani. Mama alikuwa amelala chali, kinywa wazi, anapumua bila sauti.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba ugonjwa wa mama umehamia kwenye kona ya chumba, na yeye anaomba ukae huko huko? Maana ndicho alichokiomba, na hilo halina haja ya kupambwa.

La pili lilimpata Fundi Baridi. Zamani friji ilimwangukia mguu, na tangu hapo alitembea kwa mtindo wake: mguu mmoja ulitua kwa kishindo, wa pili ukaburuzwa. Mtaa mzima ulijua anakuja kabla hajafika. Siku hiyo Msusi alikuwa jikoni anaosha vyombo, akageuka akamkuta mumewe kasimama karibu yake, mzima mzima, na begi la vifaa mkononi.

"Umeingiaje? Sijakusikia."

"Hata mimi sijajisikia," alisema Fundi Baridi. Uso wake haukuwa wa utani. Akanyanyua mguu akaupiga sakafuni kwa nguvu, na ilikuwa kama kuupiga kwenye godoro.

Msusi akafungua kinywa amwambie ni viatu, na hapo wote wawili wakasikia. Kutoka chumba cha mbele, taratibu, kama mtu anayejifunza, kishindo kikatua na kitu kikaburuzwa, kikatua na kikaburuzwa, kikienda kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye meza na kurudi, na Fundi Baridi, ambaye mwendo ule ulikuwa wake peke yake duniani, aliyeupata kwa maumivu na kuuzoea kwa miaka, akausikiliza jinsi unavyotumiwa na mwingine, akausikia ukikosea, ukianza na mguu mbaya, ukijirekebisha, ukigeuka, ukaja kwenye korido, ukapita mlango wa chumba cha mama, ukasimama upande wa pili wa pazia la jikoni, na pazia, lisilo na upepo wa kulisukuma, likajaa polepole kuelekea kwao, likatulia, likajaa tena.

"Usiseme kitu," alinong'ona Msusi.

"Nitasema nini na sina mate?"

Nyayo zikarudi zilikotoka. Begi la vifaa likamtoka Fundi Baridi mkononi likamwangukia mguu ule ule, na hata hilo halikutoa mlio.

Ndipo Msusi akamweleza habari ya filimbi. Mumewe akasema ataita mtu wa kutazama. Msusi akamsihi asiite kwanza. Akamuuliza, umemwona mama anavyolala? Mumewe hakuita mtu, kwa sababu alikuwa amemwona.

La tatu lilikuja na mgeni. Muuza shela alipita mwenyewe kutazama kazi yake, mwanamke mchangamfu mwenye viatu virefu ambavyo milio yake ilimtangulia kama matarumbeta. Alibisha hodi. Msusi, aliyekuwa hatua chache kutoka mlangoni, akafungua kinywa kuitikia. Neno halikutoka. Si kwamba lilikwama. Halikuwepo, kama ngazi unayoikanyaga gizani ukakuta hakuna. Akajaribu tena. Na nyuma yake, tamu, ya kike, ya nyumba yenye heri, sauti ikasema:

"Karibu."

Mgeni akaingia akimsifu kwa makaribisho mazuri. Alizitazama shela zinavyopumua akashika kifua. Alitaka ukurasa uwekwe hewani siku hiyo hiyo, wateja waanze kuuona, na Msusi, ambaye akili yake yote ilikuwa ikilitafuta neno moja mdomoni, akauweka. Mgeni akaondoka na matarumbeta yake.

Msusi alifunga mlango akaketi. Sasa aliogopa kiasi cha kufikiri. Akarudi nyuma kwenye maagizo yake, mpaka kwenye lile la mchana wa hodi, akalisoma. Hakuwa ameandika lete upepo. Kidole kilikuwa na haraka, kikaruka herufi ya kwanza.

Lete pepo.

Mafundi wa kazi hiyo wanajua kwamba ghalani kuna watu waovu wanaoweka vifurushi vyenye majina yanayokaribia majina ya vifurushi vyema, wakingoja mwenye haraka akosee herufi. Ni mtego wa zamani. Wanachoiba huwa siri za watu na namba zao. Lakini Msusi hakujua binadamu yeyote anayeiba filimbi ya kifua.

Akaandika: ondoa pepo. Kitu kikamjibu, na haikuwa ile sauti kavu ya Mpagazi. Ilikuwa yake.

"Hakiondoki. Kuna anayekitegemea."

Akaandika, nani?

"Mama," ikasema.

Fundi Baridi hakungoja tena ruhusa. Alirudi na mpungaji wa pepo, mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua siku ya jua, na chetezo mkononi. Alibisha hodi nje kwa muda mrefu, na alipoitikiwa na ile sauti tamu alikataa kuingia, akasimama kizingitini mpaka Fundi Baridi alipomshika mkono na kumkaribisha kwa kinywa chake. Akakaa. Akawasha ubani. Fundi Baridi alimuuliza kama jini litaondoka kwa moshi ule.

"Huu ni wa kuwatuliza ninyi," alisema mpungaji. "Yeye pua bado hajaazima."

Akauliza mambo yalivyoanza, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza nani aliyemkaribisha.

"Mashine," alisema Msusi.

"Kwa sauti ya nani?"

"Yangu," alisema Msusi.

"Basi ni wewe. Na huyo anayewaletea mizigo mnamwitaje?"

"Mpagazi."

Mpungaji akauliza tena, "Na mtu akikaliwa na pepo, tunasema amefanyaje?"

"Amepagawa," alinong'ona Fundi Baridi, na aliposikia alichosema akaziba mdomo.

"Neno ni moja. Kupagaa ni kubeba mabegani: mpagazi hubeba mzigo, na aliyepagawa humbeba pepo. Mmemfuga simba, mkampa jina la Simba, mkashangaa ana meno."

Kisha akawaeleza hali ilivyo, bila kuipaka sukari. Huyu hakuja na mwili. Anajijenga kwa vya watu, kipande kwa kipande, kila kipande kikidai kingine cha kukiegemea. Pumzi kwanza, nyayo juu yake, sauti juu yake. Na mama hakuponywa. Ameondolewa pumzi yake mbovu, na mahali pake amewekewa nzuri, lakini si yake. Akivutwa atoke, atatoka na anachokishika.

"Basi abaki," alisema Msusi.

Mumewe akamgeukia. Yeye hakumtazama. Alisema wataishi naye. Kama ni nyayo, mume wangu anatembea. Kama ni neno moja, yako mengine. Watu wanaishi na wapangaji wabaya zaidi. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyapanga kitambo, na yalikuwa yamepangika.

"Mwenye kujenga haishii kwenye msingi," mpungaji alisema. "Akishapata pumzi na nyayo na sauti, atataka mahali pa kuviweka. Na humu ndani kuna mmoja tu ambaye tayari anapumua kwa pumzi aliyopewa na huyo."

Kutoka mlango wa chumba mtu akakohoa kwa makusudi, kikohozi kisafi kisicho na fundo. Mama alikuwa amesimama pale, na haikujulikana kwa muda gani.

"Mnanigawa kama shuka la urithi, na mimi nipo," alisema.

"Mama, kaa."

"Nimekaa miaka mingi. Sikiliza, mwanangu. Nimewashonea watu nguo maisha yangu yote, na sijawahi kutoka nje na nguo ya kuazima. Nizikwe na pumzi ya kuazima?"

"Utarudi kulala umeketi."

"Nitalala nimeketi. Abiria naye hufika."

Msusi akalia, na hakuna aliyemkataza. Alipomaliza akajifuta, akageukia kompyuta. Katika kazi yake, vifurushi vikishikana mpaka kimoja hakitoki bila kingine, lipo la mwisho la kufanya: kufuta vyote, mpaka sakafu, na kumwambia Mpagazi avilete upya. Akaiondoa karibu ya jumla. Mpungaji alipoelezwa akasema ndivyo hata kwao: kumtoa kila mtu nje, na kumwingiza mwenye haki peke yake. Kila kilichoibwa kitabisha hodi mlangoni, na kila mmoja aitikie kilicho chake. Wa mwisho, yaani pepo mwenyewe, asiitikiwe na yeyote. Hodi isiyoitikiwa mara tatu, mgeni hana budi kuondoka, awe mtu au awe nani. Walifunga mlango kwa komeo. Jua lilikuwa utosini.

Msusi akafuta.

Shela zikakoma kupepea. Harufu ya pasi ikakatika. Na mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani mikono juu ya mapaja, akaacha kupumua, si kwa kukabwa wala kuhangaika, bali kama taa inavyozimwa na mtu anayetoka chumbani, macho yake yakiwa wazi na yakijua, na midomo ikianza kuwa ya rangi ya jivu, huku nje ya mlango kishindo kikatua na kitu kikaburuzwa na hodi ikabishwa, na Fundi Baridi, aliyekuwa akitetemeka mpaka kiti kikatetemeka naye, akaitikia karibu, ingieni mwende mguuni pangu, na miguu yake ikagonga sakafu kwa nguvu hata vikombe vya jikoni vikalia, na bado mama hakuwa na pumzi, na Msusi alimwona akiinuka, akisimama kwa nguvu asizokuwa nazo, kwa sababu nje sasa palikuwa na filimbi, ikipanda na kushuka, na fundo la kikohozi mwishoni, na hodi.

"Mama, itikia," alisema Msusi.

Mama akafungua kinywa. Ataitikiaje mtu asiye na pumzi? Midomo ilichora neno na neno halikutoka. Msusi akamgeukia mpungaji, aseme yeye, aseme mtu yeyote, na mpungaji akatikisa kichwa: mwenyewe. Filimbi ikabisha mara ya pili. Mama akamtazama binti yake kama mtu anavyomtazama mpumbavu kidogo anayempenda, akayumba hatua hadi mlangoni, akaangukia mbao kwa bega, na kwa mkono uliokwishaanza kuwa baridi akalivuta komeo. Karibu si neno tu. Mlango ukafunguka, na pumzi ikamwingia mama kwa mlio mbaya, mnene, wa kukwaruza, wa kupendeza kuliko matarumbeta yote, naye akaketi kizingitini akikohoa.

"Karibu, mshenzi wewe," alisema alipoweza.

Fundi Baridi akaanza kucheka. Mpungaji akamnyamazisha kwa kiganja, kwani hesabu haikwisha, na sasa palikuwa na tatizo ambalo hawakulipanga. Mlango ulikuwa wazi. Nje na ndani vilikuwa vimekutana, na mama yumo katikati.

"Hodi," ilisema sauti ya Msusi, kutoka kizingitini.

"Hodi," ilisema sauti ya Msusi, kutoka kizingitini.

Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa yake, imerudi kwao. Ya pili ilikuwa yake pia, na aliyeivaa alikuwa mwingine. Tamu kwa tamu, pumzi kwa pumzi. Msusi alisikiliza mpaka kichwa kikamuuma. Zikabisha tena, pamoja. Mama akainua uso, akanong'ona kwamba yeye ndiye aliyemzaa, sauti ya mwanawe anaijua, ni hii ya kulia, na kifua chake kikajaa, na filimbi ikapanda, na midomo ikaanza kulifanya neno.

Msusi akapiga magoti akamziba mama mdomo kwa kiganja.

Hakuwa na hakika kwamba mama anakosea. Huenda ilikuwa kweli ni ya kulia. Lakini kama si hiyo, kifua cha mama kingekuwa nyumba ya pepo. Alishika hivyo, filimbi ya mama ikimpuliza vidole, hodi zikabishwa mara ya tatu, zikingoja, zikingoja sana, kama mgeni anayejua mpo ndani. Kisha kitu kikapita. Pazia la jikoni likajaa kuelekea mlangoni, likavutika mpaka likataka kung'oka, kisha likarudi kuning'inia wima. Mtaani mbwa mmoja akainuka kivulini akahama upande.

Mpungaji akachukua chetezo chake. Alisema ametoka. Hakusema ameenda wapi, na kwa ahueni waliyokuwa nayo hawakumuuliza.

Maisha yakarudi yalivyokuwa, yaani si mazuri. Mama analala ameketi. Filimbi inapanda na kushuka, na Msusi, anayefanya kazi mlango ukiwa wazi ili aisikie, anabonyeza kitufe kwa kila kifurushi, hodi moja moja, na kusoma jina herufi kwa herufi. Neno lake halikurudi. Wageni wakibisha huwaambia, ingieni, au piteni, na wapo wanaosema kazi za kompyuta zimemwondolea adabu.

Wiki ile ile muuza shela akapiga simu, furaha imemjaa. Tovuti inatembelewa mno. Alisema watu wanaipenda kwa zile shela, lakini zaidi wanaipenda kwa lile jambo ulilolificha bila kuniambia, mwenzangu, ile sauti. Mtu akifungua ukurasa inambishia hodi. Sauti tamu hiyo, kama yako. Wateja wanacheka, wanaitikia karibu. Wengine wanafungua tena ili waitikie tena, na watoto wao wanaitikia.

Msusi alikuwa amesimama. Katika kufuta vyote vya nyumbani, hakukumbuka kile kilichokwisha kutoka nyumbani. Akamwambia asiitikie. Asiitikie, na azime, azime sasa hivi.

"Nimeshaitikia mara ngapi mimi," alisema muuza shela akicheka. Alikuwa akitembeatembea dukani huku anaongea, alisema, akipanga shela. Msusi akatega sikio kwenye simu. Sakafu ya duka lile alikuwa anaijua, ni ya vigae.

"Ila kuna kitu cha ajabu," alisema yule mwanamke, na sauti yake ikapungua kidogo. "Sijui ni vigae vimechakaa. Siku hizi nikitembea, viatu vyangu havilii."